Siku Tuliyofua Nguo Safi

Uani kwetu kuna sheria moja tu ambayo mwenye nyumba hakuiandika, na ndiyo pekee inayofuatwa: kamba yenye nguo mbichi haiguswi na asiye mwenye nguo. Haivutwi, haisogezwi, haikatwi. Ukitaka kamba, unasubiri. Na anayeamua kama zimekauka si mwenye nguo, maana mwenye nguo hakosi maneno. Anayeamua ni pindo. Mtu anageuza mkono, anapitisha mgongo wa kiganja kwenye pindo au mshono wa kiuno, pale unyevu unapojificha mwisho. Pindo likiwa baridi, nguo ni mbichi na mjadala umekwisha.

Sheria hiyo haikushuka na mvua. Ninaukumbuka vizuri mwaka ambao msimamizi wa zamani alianua nepi za mtoto mchanga ili apitishe kabati la mpangaji mpya, akazibwaga kwenye tope. Wanawake wa ghorofa zote tatu hawakumjibu salamu kwa miezi mitano. Hawakumtukana, hawakumjibu tu. Mwishowe aliomba mwenyewe kuhamishwa. Aliyekuja baada yake, tunayemwita Bwana Funguo kwa sababu ya rundo linalolia kiunoni mwake, alifundishwa sheria ya pindo kabla hajaonyeshwa mita ya umeme iko wapi.

Jumatatu tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ngazi. Alhamisi nguzo nne za kuanikia zitakatwa, uwanja utamwagwa zege, uwe maegesho ya magari. Magari ya nani? Katika jengo letu mwenye gari ni mmoja, na lake linasukumwa zaidi ya linavyoendeshwa. Lakini mwenye nyumba ameota wapangaji wenye magari, na sisi tunatakiwa kuipisha ndoto. Ninakumbuka bomba la uani lilivyong'olewa, tukaambiwa ni kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa saba tunachota maji ndani, kwa mgao, yakikatika saa nane mchana. Ninakumbuka benchi la saruji lilivyovunjwa kwa sababu eti linakusanya watu. Watu wakikusanyika wanazungumza, na hilo ndilo lilikuwa kosa la benchi.

Dada yangu ni dobi. Anafua kwa mkono mashuka ishirini na manne ya nyumba ya wageni kila wiki, yanayotakiwa Ijumaa asubuhi yakiwa yamekunjwa, na juu ya hayo makoti meupe ya zahanati. Kwa mikono hiyo alinilea mimi tangu mama yetu alipofariki. Chumba chetu hakina dirisha upande wa jua. Nguo ikianikwa ndani inanuka ukungu siku ya pili, na shuka linalonuka linarudishwa na kazi inakwenda kwa mwingine. Bila kamba ya uani, dada hana kazi. Alilisoma tangazo mara moja, akapanda ngazi na beseni lake.

Mimi ndiye niliyepanga la kufanya. Ninashona vifungo kwenye karakana iliyo ukuta mmoja na ya fundi wa kuchomelea vyuma, na nilisikia kwa masikio yangu kwamba ndiye aliyepewa kazi ya kukata nguzo, na kwamba Ijumaa anaanza mageti ya shule, miezi miwili mfululizo. Ana siku moja tu. Basi na sisi tulihitaji siku moja tu. Kamba zikishinda na nguo mbichi Alhamisi nzima, Bwana Funguo hataruhusu zikatwe, na fundi ataondoka na mashine yake. Kabla hajamaliza mageti, tutakuwa tumejipanga.

Mpango ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa langu: niliogopa usivuje, nikauficha hata kwa waliopaswa kuutekeleza. Jumatano jioni niliporudi kazini nikakuta wanawake wa jengo zima wameogopa kupoteza kamba, wakafua kila walichonacho. Mito ilivuliwa foronya. Mapazia yalishushwa. Dada alikuwa amemaliza hata mashuka ya wageni. Upepo ulianza mchana ule ule, ukavikausha vyote, wakavianua na kuvikunja. Ilipofika Alhamisi alfajiri, jengo zima halikuwa na hata soksi moja chafu.

Nikaanza na Mama Mapacha, jirani yetu wa chini.

"Nipe nguo chafu."

"Sina."

"Hata za watoto?"

"Nimefua zao, nimefua zangu, nimefua pazia. Baba yao angekuwa karibu ningemfua na yeye."

"Basi nipe safi."

"Za nini?"

"Tukazifue."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mwenzake. "Upepo umekuingia kichwani?"

Nilimweleza pale pale mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, akaenda kuzibomoa nguo alizozipanga kabatini usiku uliopita.

Aliyekuwa mgumu ni dada. "Nguo safi siifui," alisema. "Kufua nguo safi ni kuyadanganya maji."

"Basi usifue. Loweka, toa, anika."

"Ikitiririka?"

"Ndiyo. Inatiririka hivyo hivyo."

Akakunja uso kama aliyeambiwa atembee uchi. Lakini alishuka. Na hapo nikaona jambo ambalo sikuliweka kwenye mpango: mikono yake haikujua kuacha maji ndani ya nguo. Anatoa shuka kwenye beseni, na kabla halijafika kambani limekwisha kusokotwa, maji yote chini.

"Usikamue, dada."

"Sikamui."

"Mikono yako inakamua."

Aliiangalia kama mikono ya mtu mwingine. Shuka lililofuata alilibeba kwa viwiko, mikono ameiinua juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na Mama Mapacha akalazimika kuketi chini kwa kicheko.

Kamba zetu hazitumii vibanio. Ni kamba mbili zilizosokotwa pamoja. Unapanua msokoto kwa vidole, unapenyeza ncha ya nguo, unaachia, inabanwa hapo na upepo hauichukui. Lakini nguo zisizokamuliwa ni nzito. Kamba ziliinama mpaka mapindo yakafagia vumbi, ikabidi tuzinyanyue kwa miti yenye panda.

Saa tatu Bwana Funguo akatokea na fundi nyuma yake, mashine ya kukatia chuma begani.

"Habari za asubuhi, shemeji," alimwambia dada. Anamwita hivyo kwa utani, hakuna ndoa popote. "Mnahama?"

"Tunafua."

"Jana mlifua."

"Na juzi tulikula," alidakia Mama Mapacha. "Leo tusile?"

Fundi aliweka mzigo chini. "Hizi nguo nizitoe?"

"Usiguse," Bwana Funguo alisema haraka.

"Ni nguo tu, mzee."

"Ni mbichi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kaa."

Fundi akakaa juu ya boksi la mashine yake.

Adui yetu siku ile hakuwa mwenye nyumba, wala fundi. Alikuwa upepo. Ulitoka nyuma ya jengo, upande wa ghala la mbao, mkavu, umebeba unga wa msumeno, na haukupumzika. Shati la mwalimu wa ghorofa ya pili lilijaa kifua ambacho mwalimu hana. Mashuka yalipigana makofi. Siku nyingine dada angelishukuru hewa ile. Siku ile alisimama akilitazama kila pindo likipauka, hajui afurahi au alie.

Bwana Funguo alizunguka kila nusu saa, mkono ameugeuza. Hakupendelea upande. "Hii imekauka. Hii imekauka. Hii bado." Iliyokauka ilianuliwa, ikazamishwa kwenye beseni, ikarudi kambani ikivuja. Mwalimu alipita kwenda kazini zamu ya mchana, akaliona shati lake, akaamua kutouliza.

"Hilo gauni la maua nimeliona mara tatu leo," fundi alimwambia Mama Mapacha kwenye saa sita.

"Na bado hujalisifu."

"Zuri."

"Umechelewa. Lisubiri mara ya nne."

Saa nane maji yakakatika. Tulikuwa na mabeseni mawili yaliyojaa, na tuliyatumia kwa uchoyo, lakini kufika saa tisa na nusu kamba tatu zilikuwa tupu. Kwenye ya nne lilibaki blanketi la dada, la pamba nzito, lililomeza beseni zima peke yake. Kamba zote zimeunganishwa nguzoni, kwa hiyo nguo moja mbichi ilitosha kuzilinda nguzo zote nne. Fundi alisema saa kumi na moja anaondoka. Nililigusa pindo: baridi kama chura. Nikajua tumeshinda.

Simu ya Bwana Funguo ikalia. Tulisikia upande wake tu. "Ndiyo, bosi. Bado, bosi. Ni bichi, bosi." Kisha akasikiliza, akiitazama miguu yake. Aliirudisha simu mfukoni, akasema bila kumlenga mtu yeyote: "Amesema nguzo zikilala zimesimama, mimi nalala nje."

Anaishi kwenye chumba cha chini ya ngazi. Chumba ni cha kazi. Kazi ikiondoka, nacho kinaondoka.

"Hayo ni yako na yeye," nilimwambia. Nilisema kwa sauti ya mkutano, na ninaikumbuka kama ninavyoyakumbuka mengine. "Sisi hatukukuajiri."

"Sijasema nitakata," alijibu. "Blanketi ni bichi. Nimesema tu alivyosema."

Akaenda kusimama kivulini, funguo amezishika kwa mkono zisilie.

Dada alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa. Akainuka, akaenda kwenye kamba, akapanua msokoto kwa vidole na kulichomoa blanketi, ncha moja, kisha ya pili.

"Dada, ni bichi."

"Najua. Na ni langu."

Kwa sheria yetu hakuna wa kumzuia mwenye nguo. Alilikunja begani, maji yakamshuka mgongoni, akamwita fundi. "Baba, hebu njoo uone hapa." Akampeleka hadi nguzo mbili za nyuma, zile za karibu na ukuta, ng'ambo ya mfereji wa maji machafu. "Huu mfuniko wa mfereji unabeba gari?"

Fundi aliugonga kwa kisigino. "Huu? Hata kwa baiskeli ningeshuka."

"Kwa hiyo gari haliji huku."

"Labda liruke."

Dada akamgeukia Bwana Funguo. "Kata mbili za mbele. Hizi za ukutani zibaki."

"Tangazo linasema nne, shemeji."

"Tangazo linasema maegesho. Mwambie uwanja umebaki wazi mpaka kwenye mfereji. Utakuwa umesema uongo?"

Alifikiri. "Hapana."

"Basi piga simu."

Alipiga akiwa ametupa mgongo, na alirudi akijifuta jasho. Bosi alikuwa barabarani, hakutaka maelezo. Alichouliza ni kama magari sita yataenea. Yataenea, aliambiwa. Basi, alisema, fanya haraka.

Nilimvuta dada pembeni. "Tulikuwa tumeshinda. Saa moja na nusu tu. Umewapa nguzo mbili bure."

"Sikuwa na nguzo nne," dada alisema. "Nilikuwa na blanketi."

"Ndivyo walivyochukua bomba. Kidogo, na sisi tukashukuru kilichobaki."

"Sijamshukuru mtu." Alihamisha blanketi bega la pili. "Yule akilala nje leo, kesho wanamleta mwingine ambaye hajui pindo ni nini. Atakuja na kisu, akate kamba na nguo juu yake. Huyo utamfundisha wewe?"

Nikalibeba beseni tupu, nikaliondoa njiani mwa fundi.

Fundi alivaa miwani yake, cheche zikaruka, nguzo ya kwanza ikaegemea, ikaanguka. Ya pili ilichukua muda zaidi kwa sababu aliyeisimika zamani alijaza saruji ndani. Wanawake walitoka kwenye ngazi kutazama, na hakuna aliyezomea. Bwana Funguo mwenyewe alifungua kamba zilizobaki, akazisokota upya, tukazifunga kwenye nguzo mbili za ukutani, tatu kwa pamoja, juu, katikati na chini. Dada alipima kwa hatua. Zamani kamba moja ilikuwa hatua ishirini na tatu. Sasa ni kumi na moja, na anayeanika anasimama na mguu mmoja kila upande wa mfereji. Mashuka ishirini na manne hayaenei. Kumi na mawili yanaenea.

"Kwa upepo huu ni mizunguko miwili, namaliza adhuhuri," alisema. "Upepo ukilala, nitaanza alfajiri."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ilikuwa inanyesha hata zikiwa nne."

Akaanika blanketi. Safari hii alilikamua kwanza, mimi nikishika ncha moja, yeye nyingine, tukisokota kila mmoja upande wake, mpaka lilipokataa kutoa hata tone.

Jua lilikuwa halijazama nilipochukua daftari langu. Niliandika kwamba sisi wapangaji tunataka nguzo mbili za ukutani ziingizwe kwenye mikataba yetu kwa maandishi, na kwamba mtu yeyote asiziondoe bila sisi kukubali. Nilipita mlango kwa mlango. Mwalimu alisahihisha nukta zangu, kisha akasaini. Mama Mapacha alisaini yeye na kwa niaba ya mume asiyekuwepo. Bwana Funguo alisema yeye hawezi kusaini, lakini alinifungulia mlango wa mpangaji kiziwi wa ghorofa ya tatu ambaye huwa hasikii hodi.

Mwisho nikampa dada. Alilisoma polepole, kidole kikifuata mistari, vidole vyake vimejikunja kwa maji ya kutwa nzima.

"Umeandika nguzo," alisema.

"Ndiyo."

"Kamba hukuandika."

"Kamba ni zetu, dada. Tulinunua wenyewe."

"Na bomba tulidhani la nani? Andika na kamba."

Nikaandika na kamba. Akasaini.