Mkanda wa Kushoto

Jumanne asubuhi, kwenye gereji yake ya Rongai, Ngigi alitoa plagi nne za pikapu ya Jerop, akazipanga juu ya gazeti, akazifuta moja moja. Zilikuwa safi. Mashine yake ya kusoma makosa ilisema silinda ya tatu. Akahamisha koili ya tatu akaiweka kwa silinda ya kwanza, aone kama ugonjwa utahama nayo. Haukuhama. Akaizungusha pikapu mpaka Salgaa na kurudi, injini ikanguruma vizuri na taa ya dashibodi haikuwaka.

"Mathe, hii gari haina shida."

"Iko nayo," Jerop alisema. "Jumapili ilikohoa kutoka nyumbani mpaka kanisani, na taa imewaka."

"Ulikuwa umebeba nani?"

Hilo hakuwa ameulizwa na fundi yeyote. Alikuwa amembeba shemeji yake, Mzee Hezekiah, ambaye huombea safari kabla ufunguo haujazungushwa. Hata siku gari ilipokohoa wakienda mazishi kule Molo, alikuwa naye. Lakini siku za kutoa viazi Kuresoi, akiwa peke yake, gari haikukohoa hata mara moja.

"Mlete," Ngigi alisema. "Koili nimehamisha. Sasa tuhamishe watu."

Hezekiah hakuwa ameshika usukani kwa miaka minne, tangu ajali ya Mai Mahiu. Siku hiyo pikapu hii ilimgonga mama aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara, ikapinduka, ikamuua yeye na Kiplimo, mume wa Jerop. Hezekiah aliwaambia polisi kwamba ndugu yake ndiye aliyekuwa akiendesha, na yeye amekaa kushoto, kiti cha abiria. Ikaandikwa hivyo. Kila mavuno Jerop huwapelekea watoto wa yule mama gunia la mahindi, kuwaomba msamaha kwa niaba ya mume wake.

Alhamisi Hezekiah alikuja na koti lake la kanisa. Akakaa kushoto. Ngigi akawasha. Injini ikakohoa, taa ikawaka.

"Toka, mzee."

Akatoka. Injini ikatulia.

"Sasa kaa kwa steering."

"Mimi siendeshi."

"Huendeshi, mzee. Unakaa tu."

Hezekiah aliangalia barabarani kwanza, kisha akakaa. Upande wa kushoto, mkanda ukajivuta wenyewe, ukapita juu ya kiti kitupu, ukajifunga. Injini ikanguruma bila kukosa pigo, taa ikazimika.

"Huyo naye amefunga," Ngigi alisema, akipangusa mikono. "Iko sawa."

Jerop aliuangalia ule mkanda. Ulikuwa umetoka juu kushoto ukashuka hadi kiunoni kulia, umevimba mbele kama uliozunguka kifua cha mtu. Siku ya kumvalisha Kiplimo shati la kuzikwa, aliona alama nyeusi iliyopita hivyo hivyo, kutoka bega la kushoto. Hakumuuliza mtu.

"Baba Kibet," alimwambia Hezekiah, "siku ile ulikuwa umekaa wapi?"

"Mama Jebet, hayo yaliandikwa. Usome." Hezekiah akashuka. "Wewe fundi, angalia waya. Kuna waya mbovu hapo."

Ngigi aliandika kwenye risiti: *Hakuna kosa. Mzee asikae kushoto.*

Mavuno yalipofika, Jerop alipakia gunia la Mai Mahiu. Jioni ya jana yake alikuwa amemwendea pasta na ile risiti, pasta akaisoma mara mbili, akamwambia mambo ya gari ampelekee fundi. Kwenye kiti cha kushoto mkanda ulikuwa umeshajifunga. Hezekiah akavua kofia, akaweka mkono juu ya boneti.

"Bwana, tunakuomba umsamehe marehemu ndugu yetu Kiplimo, kwa damu aliyoimwaga barabarani."

Ufunguo ulikuwa bado mkobani mwa Jerop. Injini ikakohoa mara tatu chini ya kiganja cha mzee. Hezekiah aliuondoa mkono, akaufuta kwenye koti.

"Amina," alisema, akapanda nyuma, akakaa juu ya gunia.

Jerop hakuitikia. Akawasha gari.