Namba Sitini na Nne Ajitokeze

Mama Pasi alikuwa ameshajitangaza. Hilo ndilo lililomponza, bahari tunaisingizia tu. Miezi minne mfululizo, kila mteja aliyepeleka shati kwenye duka la dobi alirudi nyumbani na vitu viwili: shati lililonyooka na habari kwamba mpiga pasi anaingia mashindano ya kuogelea baharini, kilomita moja na nusu, na atamaliza. Hakusema atashinda, hakuwa mwendawazimu. Atamaliza tu. Alilisema huku mvuke ukimpanda usoni, akamwambia wifi yake kwenye simu, halafu akaenda kulirudia kwenye saluni ya mumewe, kinyozi, mbele ya wanaume watano waliokuwa wakisubiri zamu.

"Na akishindwa je?" mmoja akauliza.

"Akishindwa nitamnyoa kipara," kinyozi akajibu, na saluni nzima ikaangua kicheko.

Lakini ni kinyozi huyohuyo aliyemnunulia miwani ya kuogelea. Ni yeye aliyekuwa akikaa nje ya bwawa kila Jumamosi, taulo begani, akimsubiri. Daktari ndiye aliyempeleka Mama Pasi bwawani, kwa sababu ya mgongo uliochoshwa na kusimama kutwa, na sasa alikuwa anaweza kwenda na kurudi mara thelathini bila kupumzika. Mwalimu wake wa kuogelea, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimwambia yuko tayari. Mama Pasi akaamini, nani angekataa kusifiwa?

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi, ufukweni, mwalimu alimwandikia namba mikononi kwa kalamu ya wino mzito: 64. Akamfunga kifundoni kile kidude cha kupimia muda. Halafu akapanda juu ya kreti akatangaza masharti, na la mwisho akalirudia mara mbili: "Ukichoka, toka, hakuna aibu. Lakini ukitoka, popote utakapotokea, uje kwangu nikufute kwenye orodha. Nisipokufuta, mimi nahesabu kwamba bado uko majini." Watu themanini wakaitikia ndiyo. Mama Pasi naye akaitikia, huku akihangaika na kofia iliyokuwa ikimvuta nywele.

Filimbi ikalia.

Loo! Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemwambia kwamba watu wazima, watu waliokuwa wakisalimiana kwa heshima dakika mbili zilizopita, wangempanda mgongoni. Kisigino kikampata kwenye taya. Akafungua mdomo kulalamika, chumvi ikaingia mpaka puani. Akajikaza kisabuni, akapiga mikono kama alivyofundishwa, akatazama chini kutafuta ule mstari mweusi wa vigae unaomwongoza siku zote.

Mstari ulikuwa haupo. Kulikuwa na mchanga, kisha majani, kisha hakuna kitu. Chini yake palikuwa na ukijani unaoshuka, unaozidi kuwa mweusi, na yeye ananing'inia juu yake hana pa kukanyaga. Pumzi ikamkatika. Mwaka mzima alikuwa akiogelea na hakuwahi kujua kwamba kilichomshikilia ni ile sakafu. Akainua kichwa kutafuta boya la kwanza, wimbi likalificha. Kitu laini kikampapasa mguu. Ulikuwa mwani tu, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuuliza? Akapiga yowe, na yowe likajaa maji.

Akageuka. Hata hivyo, hakurudi pale alipotokea. Kule, kando ya wifi yake, alimwona mumewe amesimama juu ya kiti cha plastiki, anapunga taulo hewani na kushangilia kichwa ambacho wala hakikuwa cha mkewe. Angemtazama kwa uso gani? Akakata kushoto, nyuma ya mawe, ambako boti za waokoaji hazikuwa zikitazama kwa kuwa zilikuwa zikiwafuata walio mbele. Akatoka kwa magoti, akatapika, akaketi. Alikuwa amekaa majini kama dakika kumi na tano.

Hapo ndipo akapata ile akili mbovu. Akazunguka nyuma ya maegesho mpaka vyumba vya kubadilishia nguo, akafungua kabati lake, akavaa traksuti. Kile kidude cha mguuni akakitumbukiza mfukoni. Mpango ulikuwa mwepesi: angejibanza kwenye kibanda cha chai mpaka watu waanze kumaliza, angelowesha nywele bombani, angejichanganya nao akihema. Katika watu themanini, nani angemkumbuka yeye? Duniani wangapi wamedanganya makubwa kuliko hayo!

Muuza chai alikuwa mwanamke asiyependa maswali. Akamimina, akaendelea kusuuza vikombe. Mama Pasi alishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ikamwagika.

Alikuwa amefika nusu kikombe wakati kipaza sauti kilipokohoa. "Namba sitini na nne hajapita boya la kwanza. Namba sitini na nne, kama umeshatoka majini, njoo mezani tafadhali."

Akavuta mikono ya traksuti mpaka vidoleni.

"Namba sitini na nne, tafadhali." Sasa sauti ya mwalimu ilikuwa na mkwaruzo. Kisha: "Mashindano yamesimama. Waogeleaji wote watoke majini. Boti zote zirudi boya la kwanza. Namba sitini na nne ajitokeze."

Muuza chai aliacha vikombe, akatazama upande wa bahari. "Mtu amezama," akasema. "Masikini ya Mungu. Ana watu wake hapa?"

"Sijui," Mama Pasi akajibu.

"Nikuongezee?"

Na hapa simtetei, maana hata yeye mwenyewe hajitetei. Alisogeza kikombe mbele. Kichwani mlikuwa na kitu kimoja tu: watu sabini na tisa wametolewa majini kwa ajili yake, na yeye ataibuka na traksuti kavu aseme nini? Aseme alikuwa anakunywa chai? Akajiambia asubiri kidogo, apate maneno. Akajaribu neno hili, akalitupa, akajaribu lile. Kipaza sauti kikaita tena, na tena, mpaka kikaacha kusema namba na kuanza kumwita kwa jina la dukani. "Mama Pasi, jamani. Mama Pasi, kama unasikia." Mwalimu alikuwa analia. Kikombe cha pili kilikaribia kuisha.

"He!" muuza chai akasema. "Wanatoa mwingine. Huyu hata si mwogeleaji, amevaa shati."

Mama Pasi akasimama. Kutoka pale mtu hakuonekana sura, lakini lile shati lilikuwa jeupe lenye mfuko wa bluu, na mfuko ule aliushona yeye kwa mkono wake. Kikombe kilimwanguka, na hakusikia kikivunjika.

Alikimbia. Watu wenye kofia za njano walikuwa wamesimama duara, machozi yakiwalengalenga kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Mwalimu alimwona wa kwanza. Ubao wa majina ukamponyoka. Wifi yake akapiga ukelele, akarudi kinyumenyume mpaka akaanguka, kama aliyekutana na maiti inatembea. Mama Pasi akawapita wote.

Kinyozi alikuwa amelazwa ubavu kwenye mchanga, midomo imebadilika rangi, mwokoaji mmoja akimkandamiza mgongo. Mtu huyu hajui kuogelea hata kidogo. Wifi ndiye aliyesimulia: kinyozi alisimama pale akisikiliza namba ikiitwa, ikiitwa, halafu akasema, "Yule pale, naiona kofia yake," akaingia na nguo zake. Alichokiona kilikuwa boya dogo lililokatika kamba. Waliwahi kumshika wakati mkono mmoja tu ukiwa juu.

"Mume wangu," Mama Pasi akasema. "Mume wangu, ni mimi. Niko hapa."

Kinyozi akakohoa. Maji yakatoka, mengi, kisha pumzi ikaingia kwa mlio wa kutisha, kisha nyingine. Watu wakamshukuru Mungu kwa sauti. Akafumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu bila kuamini, akainua mkono akamgusa shavu, sikio, nywele. Mama Pasi akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Walikuita," kinyozi akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, si yake. "Walikuita sana. Nikasema, mke wangu hawezi kuitwa hivi akanyamaza. Nikajua husikii tena."

Uongo wote ulikuwa tayari pale, umepangwa vizuri. Mkondo ulinichukua. Nilizimia nyuma ya mawe. Wangemhurumia, pengine wangembeba. Lakini macho ya mumewe yalikuwa yameshashuka kwenye traksuti kavu, kwenye zipu iliyofungwa mpaka shingoni.

"Nilikuwa nasikia," Mama Pasi akasema.

Kinyozi akainua macho.

"Tangu mara ya kwanza?"

"Tangu mara ya kwanza."

Kinyozi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. Akautoa mkono wake katika mikono ya mkewe, bila hasira, akajiinua akakaa. Mguu mmoja ulikuwa mtupu. Akaanza kupapasa mchanga kutafuta kiatu, na mtu mmoja akamletea. Akakivaa hivyohivyo, kimejaa maji na mchanga. Vidole vikashindwa kufunga kamba. Mama Pasi alipoinama amfungie, kinyozi akauvuta mguu.