Jabez Wetu Yuko Nyumbani

...na kovu juu ya nyusi ya kushoto, urefu futi nne na inchi tatu, anasoma kidogo, haandiki, kosa lake kung'oa koki ya shaba ukutani mwa kanisa, umri miaka kumi na miwili, jina Jabez Lumb, jina langu lile lile, wino wa mwaka 1871 umeshageuka rangi ya chai, nami nimeliinamia daftari la gereza hapa chumba cha nyaraka Wakefield, penseli mkononi kwa sababu kalamu za wino ni marufuku, na pembeni dada yangu Rowena, mimba ya miezi minane, ananyonya peremende, nayo marufuku, ananinong'oneza, "Mjomba mtu, unatupa jina au hutupi? Mama anataka jibu leo, anatarizi blanketi," na jibu nilikuja nalo kutoka nyumbani, ndiyo, chukueni, aitwe Jabez kama mimi, nani hapendi kuenziwa, hasa mtu mwenye shahada ya historia, first class, if you please, na barua mia mbili na kumi za we regret to inform you, mtu ambaye yule binti wa ofisi ya ajira alimwuliza kama amewahi kufikiria kubeba maboksi... nimefikiria, dada, nimefikiria mpaka mgongo ukauma, ila walinijibu nimesoma mno... "Usinune bwana, ni heshima," anasema Rowena, "Mama kasema tu jina lipate na mtu wa kulifanyia kazi," akacheka puani, nikacheka nami, maana sisi ndivyo tunavyopendana, kwa kofi, na Mama huyo huyo ameshakipaka chumba changu rangi ya siagi kwa ajili ya mtoto, vitabu vyangu viko gereji, mimi kwenye kochi, for the time being... bibi yetu alijisifu hadi kufa kwamba tumetokana na mwizi, familia nzuri haikosi mfungwa, alikuwa akisema, naye Jabez huyu ndiye aliyekuwa fahari yake, baba wa babu yake, kilichonikera ni hesabu tu, sensa ya 1871 inasema ana miaka kumi na miwili, sensa ya 1881 inasema ana tisa, mtoto gani anarudi nyuma, nikamtukana karani, mlevi yule, halafu nikapata rekodi ya ubatizo wa Novemba 1871, Jabez Lumb, mtoto mchanga, baba yule yule, mama yule yule, nikajipiga kipaji cha uso, kumbe ni desturi yetu ya enzi hizo, mtoto akifa anayefuata anarithi jina kama koti, basi wa kwanza alifia gerezani, na kwenye mti wa ukoo nikamwandikia kifo, 1871, kwa mkono wangu... sasa Bi. Murgatroyd, mtunza nyaraka, ananiwekea daftari la pili, la shule ya kurekebishia watoto waliotoka gerezani, anasema, "Taratibu na huyu, mpenzi, hajafunguliwa siku nyingi," na kweli karatasi ni baridi kama imetoka nje, na picha ipo, mtoto amekalishwa, viganja vimebandikwa kifuani ili vidole vionekane, ndivyo walivyowapiga picha wafungwa, nimemtafutia pua ya Baba, taya la Mama, chochote, hafanani na mtu wetu yeyote, Rowena anachungulia, "Masikini, mbona kama anasubiri mtu," na pembeni ya picha, Oktoba 1875, amemaliza kifungo cha miaka minne, afya njema, umri kumi na sita... afya njema, mwaka wa nne baada ya kifo nilichomwandikia... na barua ya baba yake imebandikwa na gundi iliyokauka, mstari mmoja, msimlete, Jabez wetu yuko nyumbani na anakula vizuri... nasoma tena, sina haja ya kusoma tena, walibatiza mtoto wakati mkubwa ana wiki nane tu ndani, wiki nane, hawakumkana, hawakumlaani, walimzaa upya, pengine kwa mapenzi, pengine na blanketi, na chini mkono wa mwingine umeandika aliondoka kwa miguu, alipoulizwa jina hakujibu, halafu mistari mitupu hadi mwisho wa ukurasa, na sisi sote, bibi na fahari yake, mimi na shahada yangu, tumetokana na yule aliyekuwa anakula vizuri... "Umekuwa mweupe," anasema Rowena, "amekufa?" Hapana, nasema, hajafa, na sauti inatoka kama ya mtu aliye chumba cha pili, naye hasikilizi, anatafuta kitu kwenye simu, "Hebu mwone wetu, ya Jumanne hii," anaiweka simu juu ya daftari, picha ya ultrasound ya tumbo, kijivu juu ya kijivu, na kitoto kimeinua viganja viwili kifuani, vidole wazi, kumi, kama kimeambiwa kikae hivyo... nataka kusema mpeni jina jingine, lolote, majina ni bure, nataka kusema bado nipo, Rowena, nipo hapa nimekaa, lakini maneno ya mtu anayedai kuwa yupo yanasikika vipi, nani amewahi kuyasema akaaminiwa, na Rowena amechoka kungoja, ameegemea kiti, mkono juu ya tumbo, macho amefumba nusu, anaita polepole, "Jabez," nami navuta pumzi niitike, na chini ya sweta kitu kinageuka, kinaitika kwanza.