Kibali cha Mtupa Mpira

"Usiangalie mkono wangu," Nderitu alimwambia Deni. "Angalia mpira tu, tangu unapotoka."

Akarudi nyuma hatua zake, akageuka, akatupa. Deni akafyeka hewa kwa gongo lake, mpira ukampita.

Mwezi mzima wavulana wa misheni ya Wamarekani, huko juu Dundori, walikuwa wakijifunza besiboli kwa kugonga mpira uliowekwa juu ya kigingi. Lakini Jumamosi kulikuwa na mechi, na mpira uliotulia haukufundishi kugonga ule unaokujia usoni. Bwana Lindeli, babake Deni, akatafuta mwenye mkono. Nani tena kama Nderitu, aliyekulia kwenye ngano akifukuza ndege kwa mawe?

Mwaka ulikuwa wa hamsini na tatu, siku za Mau Mau, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwazoa Wakikuyu mashambani kuwarudisha rizavu, maeneo waliyotengewa. Bwana Lindeli aliteremka Nakuru, akarudi na kibali cha kumruhusu Nderitu abaki. Cha mtu mmoja. Alipoandikwa kazi, Nderitu alisema hana mke, maana misheni ilitaka makapera. Ujanja gani huo, jamani! Mkewe Wangare na binti yao Wachuka waliishi bondeni kwa shangazi, na kwenye karatasi hawakuwa watu wake.

"Wewe kaa," Wangare alikuwa amemwambia asubuhi hiyo, akifunga sufuria ndani ya blanketi. "Huko hakuna kazi. Ukituma kitu, mtoto atakula."

"Na nikija nanyi?"

"Utakuja ufanye nini?" Hakumtazama.

Sasa lori la kuwapeleka rizavu lilikuwa likipita nyuma ya ua wa misheni, watu wamejaa wima, Wangare na Wachuka wakiwa humo. Nderitu alilisikia likibadilisha gia. Aliungoja uchungu, haukuja. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na hilo likamtisha kuliko lori lenyewe.

"Tupa, Nderitu," Deni aliita. "Ya nguvu."

Akatupa ya nguvu. Gongo likaupata mpira katikati, ukapaa, ukavuka ua. Wavulana wakashangilia.

"Kazi nzuri sana," Bwana Lindeli alisema, akipiga makofi. "Sasa wameweza. Kalete mpira."

Aliukuta barabarani, kwenye alama za magurudumu, vumbi bado halijatua. Akaurusha ndani, akasikia wakiugombania. Yeye akabaki pale pale. Mbele, lori lilikuwa likipanda kilima polepole, mwendo ambao mtu akikimbia angelifikia.