Mrututu Juu ya Lundo la Tumpe

Msimu wa kahawa uliofuata mvua za Elnino ulinikuta kijiji kimoja nyuma ya Mlowo, bomba la dawa mgongoni. Nilikuwa kibarua wa Tumpe, mjane mwenye mashine ya kumenya kahawa. Kazi yangu kupulizia mibuni.

Uvundo wa pale sijausahau. Miaka yote maganda yalimwagwa kijitoni. Maji yakawa meusi, yana povu kama mate ya ng'ombe mgonjwa, na ndiyo hayohayo watu wa bondeni walipikia. Watoto wakaharisha. Tumpe akachoka. Akaanza kulundika maganda shambani, akachanganya na samadi na udongo wa majani yaliyooza, aliouchota msituni, ili yaoze yawe mbolea. Watson, mwenyekiti wa kijiji, akampa muda hadi mkutano wa Jumamosi: lundo likinukia nyumba za watu, maganda yanarudi kijitoni.

Jumatano nikapita pale. Lundo lilikuwa linafuka mvuke, limeota ukungu mweupe, nyuzinyuzi, kama nywele za maiti. Nikatema mate. Sisi watu wa kahawa tukiona ukungu tunafikiria chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa mtini, na dawa yake ni mrututu, ule wa bluu wa kuua ukungu. Bombani zilibaki lita kama kumi. Nikatoboa lundo kwa mti, nikalinywesha mpaka likawa bluu. Nikajiona nimemsaidia mama wa watu.

Kufika Ijumaa lundo limepoa, limelowa, linanuka kama utumbo uliosahauliwa juani. Nzi hawana idadi.

Jumamosi watu walikuja wameziba pua kwa khanga. Watson akasema hana cha kujadili, maganda yarudi kijitoni. Tumpe aliokota ganda moja, akaliona lina bluu, akanigeukia.

"Baba, umeweka nini humu?"

Barabara ya Tunduma haikuwa mbali, na miguu yangu inajua kuondoka. Nikasema, "Mrututu. Niliona ukungu."

"Ule ukungu ndio uliokuwa unafanya kazi. Umeniulia vibarua wangu wote."

Watu wakacheka. Nusu yao walikiri nao wangepuliza vilevile. Mzee mmoja akaniuliza kama hata pombe huwa naipulizia isichachuke. Watson akaongeza wiki mbili, kwa sharti kwamba mwenye kuligeuza lundo niwe mimi.

Nikaingia hadi magotini. Ute, funza, maji ya kijani yanayoingia kwenye kucha. Yale ya bluu niliyazika mbali na maji, nikaleta udongo mwingine wa msituni, nikauchanganya na samadi kwa mikono hii. Wiki mbili nilikula ugali kwa kijiko, na bado nilikuwa nausikia uvundo kwenye kijiko.

Siku ya kumi na tatu joto likarudi, na zile nyuzi nyeupe nazo. Harufu ikawa ya udongo ulionyeshewa.

Kesho yake Watson aliinama, akanusa, asitaje kijito tena. Mimi nilisimama pembeni. Nyuzi zile bado zilinichefua. Mate yaliponijaa mdomoni, nikasogea kwanza mbali na lundo, ndipo nikatema.