Matuta Matatu ya Shimba

Mzee Ndalahwa alikuwa amelima shamba lote isipokuwa matuta matatu, na hayo hakuwa na mpango wa kuyagusa. Yalikuwa ya mwanawe, Shimba. Kwao, tangu enzi za babu yake, aliyesafiri huachiwa matuta yake wazi, ili akirudi ashike jembe na kuanzia pale. Ukimlimia, umesema hatarudi tena. Matuta ya Ng'washi, marehemu mkewe, aliyalima mwenyewe siku ya tatu baada ya maziko, huku akilia kama mtoto.

Shimba alikwenda Mwanza kutafuta kazi kabla ya Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Baadaye ndipo lori lilipokuja kumbeba mzee, kitanda na kuku wake, likamshusha kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Misungwi. Watu wa kwao walitawanywa, huyu huku, yule kule. Nyumbani kukabaki mahame na ua wa minyaa. Shimba angejuaje baba yake yuko wapi? Swali hilo lilimla mzee mwaka mzima.

Na nyumba za kijiji kile zilivyobanana! Jirani akikohoa, unamsikia. Lakini mzee alikuwa mpweke kuliko alipokaa kwake porini. Siku nyingine hakusema na kiumbe yeyote ila kuku.

Wiki ile katibu wa kijiji alimsimamisha njiani.

"Mzee, Jumatatu kamati inapita. Shamba lenye kipande kisicholimwa, anapewa mwingine."

"Nimesikia."

"Umesikia, na yale matuta matatu je?"

"Nimesikia, bwana we!"

Si angesema tu? Wapi! Aseme anamngoja mtoto asiyejua baba yake anaishi wapi? Aliona aibu, akanyamaza na kiburi chake.

Jumapili alishinda barabarani. Magari matatu ya kutoka Mwanza yalisimama, watu wakashuka na mizigo yao, Shimba hayumo. Jioni alirudi amechoka, akakata shauri: shamba walichukue, mwanawe hamziki.

Jumatatu alfajiri alikwenda shambani kuwangoja. Loo! Matuta yote matatu yalikuwa yamelimwa na kupandwa, yamepinda huku na huku. Mwishoni mwa matuta alisimama Kokushubira, mke wa mwalimu, jirani yake, mwanamke wa kutoka Bukoba, watu wa migomba wasiojua matuta. Miguu yake ilikuwa tope tupu.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, baba. Jana hukuonekana, nikasema mgongo umekukamata. Wakunyang'anye shamba na mimi jirani yako nipo?"

"Umemzika mwanangu!" mzee alifoka. "Umemzika Shimba akiwa hai!"

Jembe lilimponyoka Kokushubira. "Mwana yupi, mzee? Tunakaa ukuta kwa ukuta, sijawahi kusikia kama una mtoto."

Ni kweli, mzee hakumwambia mtu. Akaketi juu ya tuta, akaeleza yote, Mwanza, lori, mahame, na kovu la Shimba shavuni.

"Kovu shavu la kushoto?" Kokushubira aliuliza taratibu.

"La kushoto. Kwa nini?"

"Mzee wangu..." Alijifuta uso kwa kanga. "Wakati wa kuvuna pamba alipita kijana, anatoka huko mahame. Aliomba maji mlangoni kwangu. Akauliza kama hapa kuna mzee yeyote aliyetoka kule."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sijui. Mimi mgeni, baba, na wewe hukuniambia umetoka wapi. Akasema basi, anarudi Mwanza."

Siku zile za kuvuna mzee alikuwemo ndani mchana kutwa, anachambua pamba, safi huku na fifi, ile chafu, kule, peke yake, mlango kaufunga ili asisalimiwe. Mwanawe alikunywa maji upande wa pili wa ukuta. Ndalahwa alilia mbele ya mke wa mwalimu na hakujificha.

Kamati ilifika jua likichomoza. "Hongera, mzee, umemaliza!" katibu alisema.

Ndalahwa aliinuka, akaliokota jembe la Kokushubira, akaanza kulibomoa tuta la kwanza.

"Mzee! Una wazimu? Unajua tutalichukua shamba hili!"

"Chukueni. Lakini kwanza niulizeni matuta haya ni ya nani."

Katibu aliwatazama wenzake. "Haya, ya nani?"

"Ya Shimba, mwanangu. Ana kovu shavu la kushoto. Akija kuuliza, mwambieni baba yake yupo hapa."

Alisema mara mbili ili wote wasikie. Kisha akaenda kwenye tuta la pili, na Kokushubira akainama kando yake, akaanza kulibomoa kwa mikono.