Nyota Isiyofika Fukayosi

Ashura aliingia dukani kwa Nirav amebeba stendi ya darubini begani, na salamu hakutoa. Bagamoyo mtu akiingia bila salamu, waliomo hukaa sawa.

Yeye ni mpiga picha za harusi. Kamera nzuri anayo. Wiki iliyotangulia alikuja akitaka stendi ndogo tu, yenye mota ya kuifuata nyota taratibu ili isitoke mstari kwenye picha. Alitaka kuipiga picha anga ya kwao Fukayosi katika wiki ile moja isiyo na mbalamwezi, kabla masika hayajaifunga. Nirav akamcheka. "Dada, anayeanza aanze na darubini kubwa," akamfungia hiyo pamoja na stendi yake nzito. Kitabu cha maelekezo kilisema mhimili wa stendi, ule unaozunguka kufuata nyota, uelekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini, isiyohama mahali pake.

Siku saba Ashura alisimama kwenye shamba la mihogo akiitafuta nyota hiyo. Mbu walimla, shingo ikamkauka, na kila picha ikatoka mistari mitupu. Akajiona mjinga, na hilo lilimchoma kuliko mbu. Mpaka asubuhi ile alipomwuliza mwalimu wa jiografia, akajibiwa kwamba nyota hiyo huku kwetu haichomozi kabisa. Huku mhimili unaelekezwa kusini, tena chini, nyuzi sita tu.

"Teremsha hiyo bolti ya mhimili ifike sita," alimwambia Nirav mbele ya wateja.

Nirav akazungusha. Ikagota kwenye ishirini.

"Zungusha."

"Haiendi, dada. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya."

"Na mimi uliyeniuzia nakaa wapi?"

Mzee Vinod, baba yake Nirav, akatoka nyuma ya duka na kuamuru vitu vyote virudishwe. Stendi ndogo ingeletwa baada ya wiki mbili. Wiki mbili, na mawingu yameshaanza kukusanyika. Ashura alitoka, na njia nzima alimtukana Nirav kimoyomoyo.

Shambani alimkuta mdogo wake, Mwanvita, akitengeneza debe lake la kufukuzia nguruwe. Mwanvita amelinda shamba lile usiku tangu ana miaka kumi. Siku ya kwanza kabisa alikuwa amemwambia, "Dada, huko kaskazini hakuna nyota inayokaa mahali pamoja. Zote zinachomoza na kuzama." Na Ashura alimjibu, "Wewe uliyeishia darasa la nne ndiye wa kunifundisha nyota?"

Sasa akaanza kumsimulia uhuni wa Nirav. Mwanvita alimwacha amalize.

"Nirav ulimsadiki siku saba," alisema. "Mimi hukunipa hata usiku mmoja. Usinitukanie Nirav hapa."

Akabeba debe lake, akaenda upande wa pili wa shamba. Ashura akabaki amesimama kwenye mihogo. Hasira alikuwa nayo bado, lakini si ya Nirav tena.